Giethoorn, kijiji ambacho ardhi yake iliishia jikoni

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mwanangu wa darasa la tano amenionyesha video ya kijiji cha Uholanzi kiitwacho Giethoorn. Hakuna barabara wala gari, watu wanakwenda kwa mashua nyumba hadi nyumba, na kila hatua kuna daraja dogo la mbao. Ananiuliza maswali nami sina majibu. Ule ni mto uliogawanyika, au walichimba makusudi ili papendeze? Kwa nini hawakujenga barabara kama wenzao? Ni kweli kijiji kiko chini ya bahari, ukuta ukipasuka wote wanazama? Na la mwisho, ambalo kwake ndilo kubwa: watoto wa pale wanakwendaje shule?"

Marahaba, mama. Mwambie kijana maswali yake nimeyapokea, na kwamba lile la kwanza ndilo gumu kuliko yote, maana video nyingi za Giethoorn hulikwepa. Pale hapana mto. Wala hakuna mtu aliyekaa na karatasi akachora mifereji ili kijiji kipendeze. Maji anayoyaona yamekaa ndani ya mashimo, na mashimo hayo yalichimbwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu cha kupikia na kuota wakati wa baridi. Ardhi iliyokuwa pale ilikatwa vipande, ikakaushwa, ikauzwa, ikachomwa. Kijiji hiki kimekaa ndani ya machimbo ya zamani yaliyojaa maji na kuota matete. Hao wanaokiita "Venice ya Kaskazini" wanakipamba bure. Venice ilijengwa na matajiri wa biashara ya bahari. Hapa walikuwa vibarua wenye matope hadi magotini.

Kwanza tupajue mahali. Fungueni ramani ya Uholanzi, muishike Amsterdam, kisha mwelekee kaskazini-mashariki. Mtavuka ziwa kubwa la IJsselmeer, halafu nchi tambarare ya mashamba yaliyopangwa kwa mistari kama daftari la hesabu, mpaka mfike kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya mkoa wa Overijssel. Hapo pana manispaa ya Steenwijkerland, na Giethoorn imo humo, kijiji chenye wakazi wasiofika 3,000. Hadi mwaka 1973 kilikuwa na manispaa yake chenyewe. Jina lisiwasumbue: herufi G ya Kiholanzi hutoka kooni, mithili ya "kh" katika "kheri". Tamkeni "Khit-hoorn" na wenyeji watawaelewa.

Jina hilo lina hadithi yake. Inasimuliwa kwamba karibu na mwaka 1230 walifika hapa watu waliokimbia kwao, wafuasi wa kundi la Wakristo waliokuwa wakijichapa viboko kama toba, na wengine husema walitoka mbali, pande za Mediterania. Walipoanza kuchimba udongo wakakuta pembe nyingi za mbuzi zimefukiwa matopeni. Mbuzi hao walidhaniwa kuwa walikufa katika gharika kuu ya mwaka 1170, siku ya Watakatifu Wote, bahari ilipovamia sehemu kubwa ya nchi hiyo. Mbuzi kwa Kiholanzi ni "geit", pembe ni "hoorn", basi mahali pakaitwa Pembe za Mbuzi. Ni hadithi tamu, nami sina ugomvi nayo, ila msiibebe kama hati ya mahakamani. Lililo wazi ni kwamba eneo hili zama hizo lilikuwa chini ya askofu wa Utrecht, ambaye alikuwa na ngome yake jirani hapo Vollenhove, na kwamba watu walikuja kuishi kwenye kinamasi ambacho mwenye pa kwenda pengine asingekitamani.

Sasa huo udongo. Waholanzi wanauita "veen". Mimi nitauita mboji, ingawa siyo mboji ile mnayoweka kwenye mchicha. Baada ya enzi ya barafu kupita, bahari ilipanda, na maji ya nchi hii iliyo bapa yakakosa pa kutokea. Matete na kuvumwani za kinamasi zikawa zinaota, zinakufa, zinalala majini. Ndani ya maji hayo hewa ni kidogo sana, kwa hiyo mimea ile haikuoza ikaisha. Ilioza nusu, ikalaliwa na mingine, ikalaliwa tena. Kiasi cha kawaida cha kukua kwa tabaka la namna hii ni kama milimita moja kwa mwaka. Pigeni hesabu na kijana: mita mbili za mboji ni miaka 2,000 ya majani kulaliana. Ukiichukua ikiwa mbichi ni tope jeusi lenye nyuzinyuzi. Ukiikausha inakuwa nyepesi kama kipande cha gunzi, na inawaka polepole kwa joto zuri.

Wasomaji wangu wa Rwanda wanaijua vizuri, wao huiita nyiramugengeri, na huko Rusizi na Gisagara imejengwa mitambo ya kuzalisha umeme kwa kuichoma. Katikati ya bonde la Kongo nako kuna eneo kubwa mno la mboji, takriban kilomita za mraba 145,000, ambalo wanasayansi walilitangaza mwaka 2017. Kwa hiyo haya siyo mambo ya wazungu peke yao.

Turudi. Miji ya magharibi ya Uholanzi ilipokua, misitu haikutosha. Mwokaji mikate anataka moto, mpika bia anataka moto, mchoma matofali anataka moto mkubwa zaidi, na kila nyumba inataka moto kuanzia Oktoba hadi Machi. Makaa ya mawe yalikuwa ya kununua ng'ambo. Mboji ilikuwa ya nyumbani, na ilisafirishwa kwa maji, njia iliyokuwa rahisi kuliko zote. Kutoka vinamasi vya Giethoorn ilipakiwa mashuani, ikafikishwa kwenye bandari ndogo kama Blokzijl, ikavuka Zuiderzee, ghuba ya bahari iliyokuwa imeingia ndani kabisa ya nchi, hadi Amsterdam na miji jirani. Ukisoma kuhusu utajiri wa Uholanzi wa karne ya 17, meli zake na wachoraji wake, kumbuka kwamba jikoni mwao kulikuwa kukichomwa kinamasi.

Mwanzoni walichimba kwa sepetu sehemu iliyokuwa juu ya maji. Hiyo ilipokwisha, wakashuka chini ya maji, na hapa ndipo kazi ilipogeuka. Kuanzia karne ya 16 kulienea chombo kiitwacho "baggerbeugel": mti mrefu wenye pete ya chuma mwishoni, na kwenye pete pamefungwa wavu. Mtu anasimama mashuani au ukingoni, anakizamisha, anakwangua chini, anavuta juu tope zito linalotiririka maji. Anamwaga, anazamisha tena. Kutwa nzima. Tope lile lilikorogwa na kukanyagwa mpaka liwe uji laini, likatandazwa juu ya ukanda wa ardhi ulioachwa kando ya shimo, likakanyagwa tena kwa vibao vilivyofungwa miguuni ili liwe bapa. Likishaanza kushikana linakatwa kama matofali, linageuzwa, linapangwa kwa mafungu ili upepo upite. Kazi ilifanywa masika na kiangazi cha kwao, kwa sababu tofali bichi likipigwa na barafu linasambaratika. Matofali hayo ndiyo yanayoitwa "turf".

Hapo mama una picha nzima ya jiografia ya Giethoorn: shimo refu lililonyooka, kando yake ukanda mwembamba wa kuanikia, kisha shimo jingine, kisha ukanda mwingine. Shimo huitwa "petgat", ukanda "legakker". Mkipata picha iliyopigwa kutoka angani mtaiona ile mistari hadi leo, kama mtu aliyechana mkeka.

Na mnaweza kukisia jaribu lililokuwepo. Ukanda wa kuanikia nao ni mboji. Kila mita unayouacha ni mita hujauza. Zilikuwepo amri kuhusu upana wa mashimo na wa kanda, lakini njaa na tamaa hazisomi amri. Mashimo yakapanuliwa, kanda zikawa nyembamba kama vichochoro. Kisha upepo. Juu ya maji mapana upepo hupata nafasi ya kuinua mawimbi, na mawimbi hula kingo za mboji laini. Ukanda mmoja ukikatika, shimo mbili zinakuwa moja, mawimbi yanaongezeka nguvu, na ukanda wa pili haukawii kufuata. Namna hiyo yakazaliwa maziwa ya Beulakerwijde na Belterwijde ambayo leo watu hutweka matanga kwa starehe.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kando ya Giethoorn palikuwa na kijiji kiitwacho Beulake, cha wachimbaji wa mboji. Mwezi Novemba mwaka 1775 dhoruba ilileta maji ya Zuiderzee ndani, na kijiji kikaumia vibaya. Novemba ya mwaka uliofuata ikaja nyingine, ikamaliza. Ardhi ya kukikinga haikuwepo tena, walikuwa wameshaiuza. Kwa miaka kadhaa mnara wa kanisa ulibaki umesimama peke yake katikati ya maji, kisha nao ukaenda. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba mtu asiyeijua Beulake hajaielewa Giethoorn, hata kama amepanda mashua zote za kukodi.

Wa jirani walijifunza. Upande wa kaskazini-magharibi kuna eneo la Weerribben, ambako uchimbaji mkubwa ulifanyika baadaye. Kule waliacha kanda pana zaidi, na kanda hizo zimedumu. Kwa hiyo Weerribben leo ni mistari ya matete na mifereji, wakati upande wa Giethoorn, unaoitwa Wieden, una maziwa wazi. Nchi ni moja, udongo ni ule ule, tofauti imeletwa na upana wa kipande cha ardhi ambacho mtu wa jana alikubali kukiacha.

Sasa swali la barabara. Kijiji kilijipanga kwa urefu kando ya mfereji mkuu, kila nyumba juu ya kisiwa chake kidogo, kwa sababu ndicho kilichobaki baada ya kuchimba. Mazizi huku, malisho kule, shamba la matete ng'ambo, na katikati maji. Mawe hakuna, mchanga mgumu hakuna, na ukimwaga kifusi juu ya mboji kinadidimia. Ujenge barabara ya nini, ilhali njia ya maji iko mlangoni na inabeba mzigo mzito kuliko mkokoteni? Ng'ombe walisafirishwa mashuani kwenda malishoni, nyasi kavu zikarudi mashuani, bibi harusi alipelekwa kwa mashua. Ndiyo maana madaraja, ambayo sasa yanazidi 170, yameinuliwa mgongo: chini yake lazima ipite mashua iliyorundikwa majani.

Mashua ya kwao ya kawaida huitwa "punter". Ni nyembamba, bapa chini, imechongoka mbele na nyuma, na huendeshwa kwa mti mrefu unaokita chini ya maji. Ninyi watu wa pwani hamhitaji kufundishwa hapa, huko ni kupiga pondo tu, maana maji yenyewe hayana kina. Ziwa la Bovenwijde lililo ubavuni mwa kijiji lina kina cha kama mita moja. Mtu mzima akianguka anasimama, anatukanwa na wenzake, anapanda tena.

Kijana aangalie pia mapaa. Nyumba nyingi za zamani za wakulima zimeezekwa kwa matete, na sehemu ya nyuma, ya zizi na ghala, imeinuka juu kuliko sehemu ya mbele ya kuishi watu. Wenyewe wanaliita paa la ngamia. Mboji ilipopungua watu waligeukia ng'ombe, matete na uvuvi, mahitaji ya nafasi ya kuhifadhi nyasi yakaongezeka, lakini kisiwa hakitanuki. Aliyetaka ghala kubwa hakuwa na pa kwenda ila juu. Kwangu mimi hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote pale, kushinda hata maji.

Lakini niseme ukweli: hilo la "hakuna barabara wala gari" linatiwa chumvi. Ni kweli kwa sehemu ya zamani ya kijiji. Pembeni, upande wa magharibi, inapita Beulakerweg, barabara ya lami yenye magari, mabasi na maegesho. Mwenyeji anaacha gari lake huko, anaingia ndani kwa miguu, kwa baiskeli au kwa mashua. Anayepiga video hugeuzia kamera upande wa pili.

Je, wako chini ya bahari? Kidogo, ndiyo. Maji ya mifereji hushikiliwa kwenye usawa ulio chini ya ule wa bahari kwa kiasi kisichofika mita moja. Mvua ikizidi, pampu kubwa ya Stroink, iliyoko karibu na Vollenhove kwa takriban karne moja sasa, huyasukuma maji ya ziada nje. Lakini ile hofu ya ukuta kupasuka na kijiji kuzama usiku imepitwa na wakati. Hatari hiyo ilikuwa ya babu zao. Mafuriko ya Februari 1825 yaliitesa sana Overijssel. Mwaka 1932 Waholanzi walikamilisha Afsluitdijk, tuta la zaidi ya kilomita 30 lililoifunga Zuiderzee kutoka baharini. Ghuba ya maji ya chumvi ikawa ziwa la maji baridi, hilo IJsselmeer tulilolivuka mwanzoni. Kufikia mwaka 1942 sehemu ya ziwa hilo ilikuwa imekaushwa ikawa nchi kavu, Noordoostpolder, yale mashamba ya daftari la hesabu. Kwa hiyo mahali palipokuwa na mawimbi yaliyoua Beulake, leo wanavuna viazi. Bahari imesogezwa mbali, na kati yake na Giethoorn sasa kuna shamba, ziwa na tuta.

Tatizo la sasa limegeuka kinyume: maji yanataka kuwa ardhi. Shimo la mboji lisipoguswa huota mimea inayoelea, mimea inafungamana ikawa mkeka, juu ya mkeka yanaota matete, kisha vichaka, na katika miongo michache una msitu wa kinamasi. Bonde lote hili, Weerribben pamoja na Wieden, ni hifadhi ya taifa: Weerribben ilitangazwa mwaka 1992 na Wieden ikaunganishwa mwaka 2009, jumla karibu hekta 10,000. Kuna fisimaji waliorudishwa mwaka 2002 baada ya kutoweka kabisa nchini, na kipepeo mwekundu wa shaba wa jamii ndogo isiyopatikana porini nje ya Uholanzi. Viumbe hawa wanahitaji kila hatua ya mabadiliko iwepo: maji wazi, mkeka, matete mafupi. Basi wahifadhi wanafanya nini? Wanakata matete kila msimu, na wanachimba mashimo mapya ya mboji. Mashine zinaingia kinamasini kufanya kazi ya "baggerbeugel", na mboji inayotoka haichomwi na mtu.

Utalii ulianzaje? Mwaka 1958 mwongozaji Bert Haanstra alipigia pale filamu ya kuchekesha iitwayo Fanfare, kuhusu bendi ya kijiji iliyogawanyika mara mbili. Nchi nzima ikaitazama, kisha ikataka kupaona. Siku hizi hutajwa wageni wapatao milioni moja kwa mwaka, na hao ni kwa kijiji cha watu wasiofika 3,000. Wanakodi boti za umeme ziitwazo "fluisterboot", boti za kunong'ona, na kwa kuwa hawajawahi kuendesha boti wanagongana, wanakwaruza kingo, wanashuka kwenye bustani za watu kupiga picha. Usoni mwa baadhi ya visiwa utaona kibao: hapa ni nyumbani kwa mtu. Mkijaliwa kwenda, shukeni treni Steenwijk, pandeni basi, mfike saa mbili asubuhi kabla boti hazijafunguliwa minyororo. Ni kijiji tofauti kabisa saa hiyo.

Nimebakiza swali la shule. Mwambie kijana asinikasirikie, maana najua alitarajia mashua. Kando ya mfereji mkuu kuna kinjia chembamba kiitwacho Binnenpad, kinachopita mbele ya nyumba na kupandisha madaraja. Watoto wa Giethoorn wanafanya kama watoto wengine wote wa Uholanzi: wanakwenda kwa baiskeli, na kiangazi wanapiga kengele njia nzima ili watalii wapishe.